Vidogo Tuligawana, Vikubwa Tulitupa

Mtaani kwangu nasifika kwa mambo mawili: pilau yangu na uchoyo wangu wa dawa. Pilau nampa yeyote anayepita. Lakini mtu akinijia na kusema, "Bibi, nimesikia mjukuu wako kaandikiwa vidonge vya koo, kama vimebaki nigawie viwili tu," namtazama mpaka aone haya, kisha namwambia havijabaki, na nikiwa hai havitabaki. Wanaondoka wakinung'unika. Mmoja alisimama nje ya dirisha langu, makusudi nisikie, akasema watu wa Temeke ya zamani walikuwa wakarimu, sijui huyu bibi katokea wapi. Nimetokea Temeke hiyohiyo. Na ukarimu huo naujua kuliko yeye, maana miguu yangu ndiyo iliyoupeleka kwa jirani, umefunikwa kawa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nina miaka kama kumi na mitatu. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Paa lilikuwa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, na mvua ikinyesha tulizungumza kwa mikono. Nyuma ya uani ilianza minazi, na baada ya minazi mihogo, na baada ya mihogo sikujua kuna nini kwa sababu nilikatazwa kwenda. Asubuhi wanaume walipita barazani kwa miguu wakielekea bandarini, na kila mmoja alisimama kwa jirani yetu, mama wa Kirufiji aliyepanga chumba cha mbele, akanunua vitumbua. Harufu ya iliki na mafuta ya nazi ndiyo iliyokuwa ikiniamsha. Hadi leo nikiinusa mahali popote, najiona niko mkekani, na miguu ya bibi inapita karibu na kichwa changu.

Bibi ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Mama yangu alifariki akinizaa mimi, nikalelewa na bibi pamoja na mama mdogo, binti yake wa mwisho. Bibi aliniita mke mwenzake, kama ilivyo desturi yetu, na kila nikikosea alidai ataniachia marehemu babu niende nikampikie mwenyewe. Mama mdogo aliniita mwanangu. Alikuwa ameolewa mara moja, akaachika, akarudi na sanduku lake na kusema imetosha. Mimi nilifurahi sana alipoachika. Sioni aibu kulisema hilo.

Alikuwa mwimbaji. Akina mama wa upande wetu walikuwa na chama chao cha ngoma ya lelemama, na wa mtaa wa pili walikuwa na chao, na kila baada ya Idi walishindana kwa sare za kanga na kwa nyimbo za kuchambana. Mama mdogo ndiye aliyeanzisha nyimbo za upande wetu. Mchana, bibi akiwa amelala, alinifundisha kuimba uani. Aliniweka mbele yake, akabandika kiganja chini ya koo langu, na kusema, "Haya, imba." Nikiimba nikapumua katikati ya mstari, alinibonyeza kwa kidole. "Umevuta pumzi mapema. Mstari haujaisha. Rudia." Tulirudia mpaka nilie au tucheke, na mara nyingi vyote viwili.

Kisha akaanza kukohoa. Tulisema ni vumbi, tukasema ni mafua, tukampa maji ya tangawizi. Siku aliyokohoa kwenye upindo wa kanga na kanga ikawa nyekundu, bibi alivaa baibui yake, akamshika mkono, wakaenda hospitali. Kifua kikuu. Neno hilo wakati ule halikutamkwa barazani. Watu walisema "ule ugonjwa", na wakaanza kusogeza mikeka yao.

Walimlaza miezi miwili. Siku aliyorudi nilikimbia mpaka bombani kumpokea, nikamkuta amekonda lakini anacheka. Alikuwa na makopo mawili. Moja lilikuwa na vidonge vidogo vyeupe, vitatu kwa siku. La pili lilijaa vidonge vikubwa kama kokwa za tende, na hivyo vilikuwa vingi, asubuhi, mchana na jioni. Akaja na dresa, msaidizi wa daktari wa serikali mwenye baiskeli, kijana wa bara, mpole, aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikisoma shule, alinikabidhi kadi ya dawa.

"Vidogo na vikubwa vinakwenda pamoja," alituambia. "Ni mume na mke. Msivitenganishe. Na hata akijisikia mzima, aendelee mpaka mimi niseme basi. Mwaka, au zaidi."

"Mwaka mzima!" bibi alisema. "Na huyo mume mkubwa hivyo, bila shaka ana gubu."

Dresa alicheka, akasema atakuwa anakuja kila Alhamisi kuhesabu vilivyobaki.

Kweli mume alikuwa na gubu. Vile vikubwa vilimchafua tumbo mama mdogo kuliko ugonjwa ulivyomchafua. Alitapika na kuharisha, na hakuona ladha ya chakula chochote. Vidogo havikumfanya lolote. Na ndani ya wiki chache kikohozi kilitulia, mashavu yakajaa, na sauti ikaanza kurudi uani. Sasa mtoto wa miaka kumi na mitatu aone hayo, atafikiri nini? Atafikiri kwamba vidogo vinaponya na vikubwa vinaua. Nami ndivyo nilivyofikiri, na mama mdogo vilevile.

"Mwanangu," aliniambia siku moja baada ya kutapika, amekaa chini ameegemea ukuta wa bafu, "mie haya madude yananimaliza. Idi hiyo inakuja. Nitaimbaje na tumbo hili?"

"Dresa atahesabu."

"Ahesabu. Atakuta vimepungua. Vimekwenda wapi, hilo ni letu sie wawili."

Nikavichukua vya asubuhi ile, nikaingia chooni, nikavidondosha shimoni. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yangu, mara tatu kwa siku, kwa uaminifu kuliko nilivyoswali. Alhamisi dresa alihesabu, akakuta hesabu sawasawa, akanisifu mbele ya bibi kwamba mimi ni muuguzi kamili. Nilivimba kichwa. Mpaka leo nikikumbuka sifa ile nahisi joto masikioni.

Hapo ndipo jirani naye alipoanza kukohoa. Alikuwa akiingia chumbani kwa mama mdogo kila siku kumpa habari za mtaa, maana yeye hakuwa mtu wa kusogeza mkeka. Akakohoa mwezi mzima, akawa anageuza uso pembeni ya karai la mafuta. Bibi alimwambia aende hospitali, akakataa katakata. "Nikionekana huko, nani atakula tena vitumbua vyangu?" alisema. Alikuwa na haki ya kuogopa. Sisi wenyewe tulikuwa tumeshaona mikeka ikisogezwa.

Sasa inabidi nieleze mambo ya nyumba yetu. Kwa bibi, hakuna kilichopikwa kikaliwa na waliokipika tu. Ukipika samaki wa nazi, kipande kinaingia kwenye sahani, kinafunikwa kawa, kinapelekwa. Na sahani ya watu hairudishwi tupu, hata ikibidi utie chumvi. Tulikuwa na sahani moja ya bati yenye maua ya buluu ambayo kazi yake ilikuwa kusafiri tu, kutoka uani kwetu hadi chumba cha mbele na kurudi. Sikumbuki kama kuna siku ililala pamoja na zile nyingine.

Basi bibi alikaa akawaza, kisha akaniita.

"Mke mwenzangu, mama yako mdogo anameza vitatu na keshapona. Mwenzake hana hata kimoja. Mungu atatuuliza. Kuanzia leo mpelekee jirani kimoja."

"Na vikubwa?"

Bibi alinitazama kana kwamba nimetukana. "Umpelekee jirani kitu ambacho sisi wenyewe kinatutapisha? Nani kakulea wewe?"

Alikuwa anajua kuhusu chooni, kumbe. Hakuwahi kulisema, lakini alijua.

Nikakiweka kidonge kimoja, kidogo kama punje ya mtama, katikati ya sahani ya maua ya buluu, nikafunika kawa ili mtu yeyote asikidharau, nikakatiza ukumbi. Jirani alikipokea kwa mikono miwili. Sahani ilirudi na vitumbua viwili vya moto. Ikawa hivyo kila siku, na niseme ukweli, zile zilikuwa siku tamu za maisha yangu. Mama mdogo anaimba uani, jirani anamwitikia kutoka jikoni kwake, bibi anasuka ukili akijifanya hasikii, na mimi mwenye dawa napita katikati yao na kawa langu. Nilijiona nawaponya wote wawili.

Idi ikaja. Upande wetu ulivaa kanga za rangi ya zafarani, na mama mdogo alianzisha wimbo wa kuwachamba wale wa mtaa wa pili kwa kuvaa vidani vya kuazima. Mstari wake wa kwanza ulikuwa mrefu kiasi kwamba watu walishika vifua wakingoja apumue. Hakupumua mpaka ulipoisha. Wale wa mtaa wa pili walijibu, lakini kila mtu alijua kwamba mambo yameisha. Nilitembea nyuma yake siku nzima nimeshika mkoba wake.

Baada ya hapo akaacha hata vidogo. Mtu mzima wa afya, ameshinda ngoma, anameza dawa ya nini? Dresa alipokuja, makopo yalikuwa yamepungua kama kawaida, vikubwa shimoni na vidogo kwenye mkebe wa bibi chini ya kitanda. Hiyo ilikuwa akiba. Mtoto wa fulani akiumwa sikio, kimoja. Mtu ana jipu, viwili. Mkebe ule ulihudumia nusu ya mtaa.

Masika yalipoanza kuisha, kikohozi kilirudi.

Hatukuogopa. Tulikuwa na mkebe. Mama mdogo alimeza vitatu kwa siku kama mwanzo, tukangoja mashavu yajae. Hayakujaa. Bibi akaongeza vikawa vinne, kisha vitano. Damu ikarudi kwenye kanga. Jirani naye, aliyekuwa akipata kimoja chake kila siku bila kukosa, alikuwa amebaki mifupa, na wanaume wa bandarini walikuwa wameshaanza kununua vitumbua kwingine.

Dresa aliposikia kile kifua, hakuhesabu kitu. Alichukua makohozi kwenye kikopo akaondoka nayo. Alirudi wiki kadhaa baadaye, akaegemeza baiskeli, akaomba akae nasi uani. Mama mdogo alikuwa mkekani, amejifunika kanga mbili kwenye jua.

"Vidudu vyake vimekuzwa hospitali kwenye vichupa," alisema. "Wakavitilia dawa, ile ya vidogo. Vikaendelea kuota kana kwamba wamevimwagia maji."

"Mwili wake umeizoea dawa," bibi alisema.

"Hapana, bibi. Mwili ni uleule. Ni vidudu." Akatafuta maneno. "Unakumbuka wale watu wa serikali waliokuja kupiga dawa ya kunguni?"

Bibi aliikumbuka sana. Mwaka wa kwanza kunguni walikufa wote, tukalala kama wafalme. Mwaka wa pili walipiga dawa ileile, na kunguni wakatembea juu yake.

"Hawakufa wote mwaka ule wa kwanza," dresa alisema. "Walibaki wachache ambao dawa ile haikuwaweza tangu mwanzo. Hao ndio waliozaa. Wa mwaka wa pili wote ni watoto wao. Sasa kifuani ni hivyohivyo. Vidogo vinaua karibu vyote, na mtu anajisikia mzima. Kinabaki kimoja hapa, kimoja pale, ambavyo vidogo haviviwezi. Kazi ya vikubwa ni kuvimaliza hivyo. Ukiacha kabla ya wakati, au ukimeza upande mmoja, umevifukuzia majirani zao, umeviachia nyumba nzima."

Kisha akanigeukia mimi. Sikuwahi kumwona na uso ule.

"Nina swali, na jibu lake ndilo litakaloamua. Imebaki dawa ya sindano. Lakini nayo haichomwi peke yake, inataka mwenzi, la sivyo itatokea yaleyale. Kama dada alimeza vikubwa vyote na bado yuko hivi, basi navyo vimeshindwa, na daktari atasema hatuna mwenzi wa sindano. Atamrudisha nyumbani. Kama hakuvimeza, vidudu vyake havijawahi kukutana navyo, na vikubwa bado vitaviua. Kadi ulikuwa nayo wewe. Alivimeza?"

Mama mdogo alinitazama. Nilimwelewa bila neno. Jirani alikuwa amesimama mlangoni, bibi amekaa, siri yetu ilikuwa ya sie wawili, na tulikuwa tumemdanganya mtu huyu kila Alhamisi karibu mwaka mzima. Alitikisa kichwa kidogo sana. Usiseme.

"Karibu vyote nilitupa chooni," nikasema. "Na vidogo tulimgawia jirani."

Mama mdogo aligeuzia uso wake ukutani.

Dresa alifumba macho, sijui kwa hasira au kwa nafuu. Halafu akasema jambo la mwisho, kwa sauti ya chini: sindano ile wakati mwingine inaharibu masikio. Yanavuma, kisha yanazima.

"Na sauti?" mama mdogo aliuliza ukuta.

"Sauti haiguswi. Ni masikio tu."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Wiki ile gari lilimpeleka hospitali ya kifua ya huko bara. Hakuniaga. Alimbusu bibi mkono, akapanda, akajifunika kanga mpaka juu ya pua.

Jirani naye alipimwa, akakutwa na vidudu vya aina ileile. Niliuliza kama ni kwa sababu ya kile kidonge kimoja nilichokuwa nampelekea. Dresa alisema huenda ni hicho, huenda alivipokea vikiwa vigumu tayari kutoka kifuani kwa mama mdogo, na kwamba hilo ndilo baya la vidudu hivi, mtu anaweza kurithi ugumu wa dawa ambayo hajawahi hata kuionja. Nafasi ya gari la pili ilikuwa imeandikwa kwa ajili yake. Lakini asubuhi moja tulirudi kutoka bombani tukakuta chumba cha mbele kimefagiwa, karai halipo. Alikuwa amerudi kwao Rufiji. Mlangoni kwetu alituachia ile sahani ya maua ya buluu. Ilikuwa na vitumbua vinne, vimepoa. Bibi alikaa chini palepale kizingitini akalia kwa sauti, mwanamke ambaye sikumwona akilia hata kwenye msiba. Habari zake hatukuzipata tena.

Mama mdogo alikaa huko mwaka na nusu. Barua ziliandikwa na mtu mwingine kwa niaba yake, zikamsalimu bibi, zikawasalimu wanachama wenzake mmoja mmoja. Mimi hazikunisalimu. Nilikuwa nazisoma mwenyewe kwa sauti, maana bibi hakujua kusoma, na kila nilipofika mwisho nilijiongezea salamu. Bibi alijua kwamba naongopa. 

Alirudi siku ya kawaida, mchana, bila taarifa. Nilikuwa uani nachambua mchele. Nikaona viatu, nikainua macho, na ni yeye, mnene, mzima, kifua kimetulia kama cha mtu aliyelala. Niliruka nikaangusha ungo, nikaanza kusema yote niliyoyatunza mwaka na nusu, nisamehe mama mdogo, nisamehe kwa kusema, nisamehe kwa kutupa, nisamehe kwa sahani. Nilisema mpaka nikaishiwa. Alinitazama midomo kwa uangalifu, akatikisa kichwa, akagusa sikio moja, kisha la pili. Hakusikia hata neno moja.

Nikakaa chini. Sijui ningefanya nini tena, maana niliyokuwa nayo ya kumpa yalikuwa maneno tu.

Akapiga magoti juu ya mchele uliomwagika, akaninyanyua uso, akabandika kiganja chake chini ya koo langu, mahali palepale.

"Imba," alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa mno, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Nikaanza ule wimbo wa Idi. Nilikuwa nalia, na mstari ule ulikuwa mrefu, na katikati yake nilishindwa, nikapumua. Kidole chake kikanibonyeza.

"Umevuta pumzi mapema, mwanangu. Rudia."